Dodoso la Hisia za Mtoto Nalo Lipimwe

Mzazi wa Tudor akimpeleka mwanawe hospitali kwa kuwa halali, anasema bila ya kutua na hasira zake zimepita mpaka, huenda akapewa dodoso, yaani karatasi ya maswali. Majibu hutiwa alama, na alama zikizidi kiwango, mtoto huchunguzwa baipola, maradhi ya hisia kupanda mno kisha kushuka mno.

Dodoso moja mashuhuri la aina hii lilitolewa Marekani mwaka 2006 na daktari Mani Pavuluri pamoja na wenziwe. Lina maswali 21 ya kujibiwa na mzazi, nalo liliandikwa kwa Kiingereza. Je, yatosha kulifasiri tu?

Haitoshi. Tutwae swali hili: je, fikra za mtoto humwenda mbio? Mfasiri mwenye haraka ataandika, “Je, mtoto ana mawazo mengi?” Lakini kwetu Mvita, mwenye mawazo ni mwenye dhiki na huzuni. Mama atajibu swali jingine kabisa. Na swali la usingizi likiulizwa katika Ramadhani, watoto wanapokesha baada ya tarawehe na kuamka kwa daku, mtaa mzima utaonekana una wagonjwa.

Kwa hiyo dodoso hupitishwa katika hatua. Mmoja hulifasiri; mwingine asiyeliona la asili hulirejesha katika lugha ya kwanza, ili tofauti zidhihiri. Kisha kina mama husomewa kila swali na kuulizwa wamefahamu nini. Baadaye wazazi walewale hulijibu tena baada ya siku kadhaa, ionekane kama majibu yanasimama. Mwisho, alama hulinganishwa na uchunguzi wa daktari ambaye hakuziona.

Kazi ya namna hii imefanywa karibu nasi. Mwaka 2016 watafiti wa Kilifi, wakiwemo Profesa Amina Abubakar na Charles Newton, walichapisha matokeo ya kupima dodoso la mienendo ya watoto wadogo kwa wazazi wa Pwani. Silo la baipola peke yake, bali njia ni moja. Mwaka uliofuata, dodoso hilo lilipotumiwa kwa watoto zaidi ya 3,000 wa Kilifi, watoto 13 katika kila 100 walionekana kuwa na matatizo ya hisia au mienendo.

Hata dodoso lililopimwa vyema si hukumu. Tuseme kwa mfano watoto 1,000, na 10 kati yao ni wagonjwa. Dodoso likiwatambua 8 katika hao 10, na likamkosea mmoja tu katika kila wazima 10, litawataja wagonjwa 8 na wazima 99. Mtoto anayetajwa aghalabu ni mzima, au ana tatizo jingine. Marekani, ziara za watoto na vijana kwa madaktari zilizoandikwa baipola ziliongezeka takriban mara 40 baina ya 1994 na 2003, na wataalamu wengi wakahofu kuwa jina hilo lilitolewa ovyo. Dawa zake si za kuchezewa: mojawapo, valproeti, ikinywewa na mjamzito humdhuru mtoto aliye tumboni.

Basi, wazazi, mkipewa dodoso ulizeni kama limejaribiwa kwa Kiswahili cha huku. Swali lisiloeleweka, mwambieni muuguzi, wala msibahatishe. Bibi au shangazi anayelala na mtoto naye aulizwe, kwani huenda ndiye ajuaye usiku wake. Msifiche jambo kwa kuona haya, wala msiharakishe kusema mtoto ana shetani; kisomo hakimzuii mtu kumwona daktari. Na mtoto akitaja kujiua, msingojee alama za karatasi: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.