Uvimbe juu ya figo: si kila unene ni neema

Katika mitaa ya Gungu, mama akinenepa ghafla na uso wake ukawa wa duara, majirani humsifu kuwa nyumba yake ina neema. Akianza kuota ndevu, maneno hugeuka. Wapo watakaotaja jini, na wapo watakaomnong'oneza mumewe. Sisi tunasema, apimwe kwanza.

Juu ya kila figo Mwenyezi Mungu ameweka tezi ndogo iitwayo adrenali. Sehemu yake ya nje hutoa kotisoli na homoni nyingine, na ya ndani hutoa adrenalini. Saratani ikiishika sehemu ya nje, mara nyingi homoni huzidi: shinikizo la damu halisikii dawa, sukari hupanda, miguu hulegea, michirizi ya zambarau hutokea tumboni, hedhi hukatika. Maradhi haya ni adimu, mtu mmoja au wawili katika kila watu milioni kwa mwaka. Uso wa duara mara nyingi zaidi huletwa na vidonge vya deksamethasoni vinavyomezwa ili kunenepa. Na aliyevizoea asiviache ghafla bila daktari.

Safari huanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, na huweza kufika Bugando, Mwanza, au Muhimbili na Ocean Road, Dar es Salaam. Homoni hupimwa katika damu na mkojo, kisha CT-Scan huonesha uvimbe. Sindano ya kuchukua kinyama haitangulizwi, kwani uvimbe wa sehemu ya ndani ukichokozwa waweza kupandisha presha ghafla hata kuua. Tiba kuu ni upasuaji wa kuuondoa wote kabla haujasambaa. Pengine hufuatiwa na dawa ya mitotani.

Familia isitoke hospitali bila kutazama karatasi. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, saratani iliyoanzia kwenye tezi hii huandikwa C74: C74.0 ni ya sehemu ya nje, C74.1 ya ndani, C74.9 isiyobainishwa. Iliyotoka kwingine, kama mapafu au titi, ikatua hapo, ni C79.7, na tiba yake ni nyingine. Karatasi yenye neno "uvimbe wa tumbo" tu humfikisha mgonjwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwao, kama mtu asiyewahi kupimwa.

Lipo jambo tunaloliona zito zaidi, nalo ni Ramadhani. Aliyeondolewa tezi moja mara nyingi hukuta ile iliyobaki imelala kwa miezi, na mitotani huziua seli za tezi zilizo nzima pia. Mgonjwa huyo huishi kwa vidonge vya haidrokotisoni. Akikosa dozi, au akitapika na kuharisha, presha huanguka na roho huwa hatarini. Sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kula, lakini wengi huona haya. Basi kabla ya mwezi kuandama aulizwe daktari, na akikatazwa kufunga, mume au mwana ndiye wa kumwekea maji na dawa chumbani, bila kumhoji mbele za watu.