Nusu Kilo Mguuni

Akina mama wa Alunguli, mjini Kindu, Kongo, huvuka mto Lualaba kwa mtumbwi na mihogo yao, kisha hupanda ukingo wa upande wa pili kwa miguu, mzigo juu. Nikiwatazama huwakumbuka wahandisi wa roboti za kuvaliwa, wanaotafuta kwa mota kile ambacho miguu hii inakifanya kabla ya saa moja asubuhi.

Mwaka 1986 mtafiti Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake Waluo na Wakikuyu wa Kenya. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nishati ya ziada: mwenye kilo 60 huchukua kilo 12 bure. Kichwa cha makala kiliuliza kama wanawake wa Afrika wamegundua njia ya kubana matumizi. Labda walikuwa wakingoja kuulizwa. Maelezo yalifuata mwaka 1995. Kila hatua mwili hupanda juu ya mguu uliokanyaga, kisha hushuka mbele, kama bembea iliyopinduliwa. Kasi hugeuka kimo, kimo kikarudi kuwa kasi, na sehemu hupotea njiani. Kwa wabebaji hawa, mzigo ukiongezeka upotevu hupungua.

Roboti nyingi za kuvaliwa, badala ya kupunguza upotevu, huongeza nguvu, na pamoja nayo betri ya kubebwa. Mwaka 2017 kifaa cha kifundo cha mguu, kilichojirekebisha kwa kila mvaaji, kilipunguza matumizi ya nishati kwa asilimia 24. Mota zake zilibaki kando, zikivuta kwa kamba. Kutembea umefungwa ukutani ni kutembea kwa namna yake.

Kinachonivutia zaidi ni kifaa cha watafiti Collins, Wiggin na Sawicki, cha 2015, kisicho na mota wala betri. Springi hukaa sambamba na kano ya kisigino. Unyayo ukikanyaga, klachi hukamata na springi huvutika, ikilipumzisha shavu la mguu, ambalo hula nishati hata linaposhikilia tu. Mguu ukiinuka, klachi huachia. Uzito ni kama nusu kilo kila mguu, akiba asilimia 7. Walipoweka springi ngumu mno, akiba ilitoweka.

Vipimo vya kifaa hicho vilifanyika juu ya mkanda tambarare wa mashine, bila mzigo. Fundi wa baiskeli wa Kindu angeielewa klachi hiyo upesi, kwani gurudumu la nyuma lina meno ya ukoo huohuo. Swali lake la kwanza, nadhani, lingekuwa nani atayaondolea tope meno hayo.