Lenzi Iliyokwama Gitting

Vumbi la Gitting wakati wa kiangazi halina simile. Liliingia katika lenzi yangu ya kuvutia vitu karibu hata pete yake ikawa ikizungushwa inalia kama jiwe la kusagia. Harusi ilikuwa imebakiza siku nane, na malipo ya utangulizi nilikwisha kuyala. Safari ya Arusha kwa fundi ingalimeza yaliyosalia.

Basi nikatandika shuka jeupe mezani, ili skrubu ikidondoka ionekane. Kosa la kwanza, ndugu msomaji, lilikuwa bisibisi. Skrubu za lenzi za Kijapani zina msalaba wa namna yake. Bisibisi ya kawaida huteleza na kuuvuruga. Mbili niliziharibu kabla sijaisaga ncha kwa tupa.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi: nilitenganisha mirija ya ndani bila kutia alama ya kalamu ya risasi. Hesi zake zina milango kadhaa ya kuingilia, na mmoja tu ndio sahihi. Nikapangusa vumbi, nikapaka grisi chembe tu, nikafunga. Pete ikazunguka laini! Nikatoka nje, nikauelekea Mlima Hanang, umbali nimeuweka mwisho kabisa. Mlima wa mita zaidi ya 3,400 ukawa uji mtupu.

Nikafungua tena. Mlango wa pili, uji. Wa tatu, uji.

“Huo si ukungu?” mke wangu akauliza.

Kumbe wingu lilikwisha kushuka. Asubuhi kulipopambazuka, miti ya mlimani ikahesabika mmoja mmoja. Harusi niliipiga kwa lenzi hiyo, ingawa skrubu moja ilibaki juu ya shuka.