Unga Mweupe Kwenye Mpapai

Mpapai ukionekana umepakwa kitu cheupe mfano wa unga, wengi husema ni ukungu. Chukua kijiti ukwaruze. Ukikuta vidudu wa manjano chini ya unga huo, ambao ni nta, mponde mmoja: majimaji yake nayo ni ya manjano. Ukibaki na shaka, mtumbukize mwingine katika spiriti, naye atageuka mweusi wa kuelekea buluu. Huyo ni kidung'ata wa mpapai, Paracoccus marginatus, mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Kenya aliripotiwa pwani mwaka 2016, na hali papai peke yake: muhogo, mbilingani na haibiskasi ya uani pia humlisha.

Jike hana mabawa. Hutaga mayai kwa mamia ndani ya kifuko cha nta, na watoto wakianguliwa hutambaa, hupeperushwa na upepo, au hubebwa na nguo za mkulima mwenyewe. Nta hiyo ndiyo inayowavunja moyo wapenda dawa, kwa kuwa maji ya bomba la kupulizia huteleza juu yake.

Tena vidung'ata wana walinzi. Utomvu wanaoufyonza hutoka kama maji matamu. Sisimizi huyalamba, na kwa malipo huwafukuza maadui wa kidung'ata. Palipodondokea utamu huo huota ukungu mweusi kama masizi, na jani hukosa jua. Kwa hiyo mimi ningeanza na sisimizi: zungusha utepe wa plastiki shinani, kisha paka grisi juu ya utepe, si juu ya gome. Matawi yanayogusa ukuta yakatwe, la sivyo watapita huko. Vidung'ata wachache waoshwe kwa maji ya kasi. Majani yaliyojaa yachomwe, yasitupwe kwa jirani.

Adui wao mkubwa ni nyigu mdogo mno, Acerophagus papayae, anayetaga ndani ya kidung'ata. Mwaka 2010 India iliagiza nyigu huyu na wenzake kutoka Puerto Rico, na mipapai ikapona. Kwetu pwani naye yupo, lakini sumu kali humuua yeye kwanza, kwani hana nta ya kujikinga.

Kwa hiyo kabla ya kupulizia, tazama kama kuna vidung'ata waliokauka, waliovimba na wenye tundu mgongoni. Ukiwaona, jua nyigu yuko kazini: weka bomba chini. Majani yenye vidung'ata hao usiyachome.