Mbona Kimbunga Hakikuja?

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitangaza kwamba kimbunga Hidaya kinaelekea pwani yetu. Boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimama. Wavuvi wakaambiwa wasitoke. Tarehe 4 Mei kimbunga kikafika kisiwa cha Mafia, kikapungua nguvu, kikaisha. Huenda nawe uliyasikia maneno ya vijiweni: "Kwani kiko wapi? Wametutisha bure tu!"

Swali hilo si la kijinga. Mvuvi asipotoka siku moja, jioni nyumbani hakuna kitoweo. Lakini ukilijibu vibaya, tangazo lijalo utalipuuza, na hapo ndipo penye hatari.

Kwa nini kilipungua?

Kimbunga hupata nguvu kutoka kwenye bahari yenye joto, nyuzi 26 za Selsiasi na zaidi. Kikigusa nchi kavu, chakula chake kimekatika. Tena, karibu na ikweta upepo haupati mzunguko wa kutosha. Ndiyo maana vimbunga vinavyotufikia ni vichache.

Lakini vichache si sawa na hakuna. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Mwaka 1952 kingine kiliipiga Lindi. Na huyo Hidaya "asiyekuja" aliacha mvua kubwa hadi barabara ya Dar es Salaam–Lindi ikakatika huko Somanga, Kilwa.

Jifunze kusoma tahadhari

TMA hutumia rangi tatu: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini yake utaona mambo mawili: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Uwezekano ukiwa "wastani", maana yake jambo laweza kutokea au lisitokee. Si ahadi, wala si uongo. Kipa akiruka na mpira ukatoka nje, je, utamwambia karuka bure?

Upepo hupita, maji hubaki

Wengi huogopa upepo tu. Jua likitoka, wanadhani mambo yamekwisha. Hapana! Sehemu kubwa ya visiwa vyetu ni mawe ya matumbawe yenye nyufa nyingi. Mvua kubwa ikijaza vyoo vya shimo, uchafu hupenya haraka kwenye nyufa hizo hadi kisimani. Maji yanaweza kuonekana safi kabisa kumbe yana vijidudu vya kipindupindu.

Mtu aliyeambukizwa huweza kuanza kuharisha ndani ya saa chache hadi siku 5. Choo chake huwa kama maji ya mchele, na anaweza kufa siku hiyo hiyo kwa kukaukiwa maji mwilini. Usingoje hadi kesho. Mpeleke kituo cha afya, na njiani endelea kumnywesha maji ya chumvichumvi (ORS). Kama hakuna pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima kwa kijiko kilichosawazishwa, koroga, mpe kidogo kidogo.

Nao mbu? Wiki moja hadi mbili baada ya mvua, mayai yaliyotagwa kwenye madimbwi yanakuwa mbu kamili. Basi mwaga maji kwenye makopo, vifuu na matairi, na ulale ndani ya chandarua.

Tangazo likitoka, fanya haya

1. Jaza ndoo na madumu maji safi kabla ya mvua, kisha ufunike.
2. Chaji simu. Weka redio yenye betri na tochi mahali utakapoziona gizani.
3. Funga vyeti na madaftari kwenye mfuko wa plastiki. Kama nyumbani kuna anayemeza dawa kila siku, mfano za kifua kikuu, pumu au ARV, dawa zake ziingie humo pia. Dada, weka na vitambaa vyako vya hedhi.
4. Maji yakianza kuingia ndani, zima swichi kuu ya umeme ukiwa bado umesimama pakavu. Waya ukianguka usiuguse, na wenzako wakae mbali.
5. Usivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama yanaishia magotini. Yatakubeba.
6. Radi ikipiga, usijikinge chini ya mwembe wala mnazi. Ingia nyumbani.

Mvua ikiisha, chemsha maji ya kunywa au yatie dawa, hata kama kisima chenu "hakijawahi kuleta ugonjwa". Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo chooni na kabla ya kula.

Baba akitaka kutoka?

Kumbishia mzazi si adabu, na hatukufundishi hivyo. Lakini mwanafunzi anayejua kusoma tahadhari ana la kusema. Mletee tangazo lenyewe, umwambie kwa upole: "Shikamoo baba. Redio imesema leo mawimbi ni makubwa hadi kesho jioni. Tungoje tangazo la kesho." Mara nyingi mzazi husikia habari kamili kuliko kelele za "usiende, usiende".

Jadilini na wenzako: shuleni kwenu, tahadhari ikitoka saa nne asubuhi, nani atawaambia wanafunzi? Wanaokaa mbali watarudi saa ngapi, na kwa njia gani? Kama hakuna mwenye jibu, mwulizeni mwalimu wiki hii, kabla masika hayajaanza.