Barafu si moja kwa viumbe wa chini ya bahari

Kiswahili kimeturidhisha kwa neno moja, barafu. Kinachoelea katika gilasi ya maji ya matunda ni barafu, kilichosalia kileleni mwa Mlima Kenya ni barafu, na kinachofunika bahari za ncha za dunia ni barafu vilevile. Mimi ni mwalimu wa isimu wala si wa biolojia, lakini nimesahihisha insha nyingi ambamo "barafu inayeyuka" imetajwa kana kwamba ni kitu kimoja chenye tokeo moja. Kwa viumbe wanaoishi kwenye sakafu ya bahari hizo, mambo sivyo yalivyo.

Ipo barafu ya bahari yenyewe, yaani maji ya chumvi yaliyoganda, ambayo unene wake aghalabu ni mita chache tu. Ipo pia ile iliyoteremka kutoka nchi kavu ikatanda juu ya maji ingali imeshikamana na bara. Hiyo huweza kuwa na unene wa mamia ya mita. Waingereza huifananisha na rafu. Mimi naona heri tuiite dari, maana tunawazungumzia walio chini yake. Pande likimeguka kutoka kwenye dari hiyo na kuelea, kamusi zetu huliita siwa barafu.

Tuanze na barafu ya bahari katika Aktiki. Mwani huota upande wake wa chini na kuning'inia kama nyuzi ndefu. Mnamo Septemba 2012 eneo la barafu hiyo lilipungua kuliko wakati wowote uliowahi kupimwa na setilaiti. Wanasayansi waliokuwa ndani ya meli ya Kijerumani, Polarstern, waliteremsha kamera hadi kina cha kilomita nne hivi, wakakuta mafungu ya mwani yametapakaa sakafuni. Barafu ilikuwa imekonda, mwangaza ukapenya, mwani ukasitawi, kisha barafu ilipoyeyuka ukazama. Walioufaidi ni majongoo bahari, jamaa za hao wanaovuliwa katika pwani yetu. Mwani uliobaki ulioza, na bakteria waliouozesha wakaimaliza oksijeni mahali ulipolala. Karamu ya mmoja ikawa kukosa pumzi kwa mwingine.

Huko Antaktika habari ni ya dari. Dari iitwayo Larsen A ilivunjika mwaka 1995, na sehemu kubwa ya jirani yake, Larsen B, takriban kilomita 3,250 za mraba, ikasambaratika mwaka 2002 kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Polarstern ilifika hapo 2007, ikarudi 2011. Katika miaka hiyo minne tu, sponji wa kioo waliokuwa mahali palipofunikwa na Larsen A walikuwa wameongezeka mara tatu kwa idadi na mara mbili kwa uzito. Wataalamu walistaajabu, kwani walidhani wanyama hao hukua polepole mno, kwa makarne. Jua lilikuwa limeyafikia maji, na mabaki ya mwani yakaanza kuwanyeshea chakula kutoka juu.

Msomaji atasema, basi kuyeyuka ni neema! Asiharakishe. Katika maji ya kina kifupi, mashariki mwa Antaktika, wapo sponji na wenzao waliozoea giza. Barafu ya bahari ikitoweka mapema, wakati jua la kiangazi halitui, siku chache tu huongeza mwangaza kupita kiasi. Hapo magugu ya bahari huota na kuwasonga wanyama hao.

Tena yako masiwa barafu, ambayo hukwaruza sakafu mithili ya jembe la trekta. Karibu na kituo cha Waingereza cha Rothera, wapiga mbizi walipanga vibao vya saruji chini ya maji ili wahesabu vingapi vimepondwa. Ilidhihirika kwamba barafu ya bahari ndiyo inayoyafunga masiwa yasitangetange wakati wa baridi. Majira yake yakifupika, mapigo huongezeka, na viumbe husagwa kabla ya kukomaa.

Tarehe 13 Januari 2025 siwa la kilomita 510 za mraba lilimeguka kutoka dari ya George VI. Siku 12 baadaye meli ya utafiti Falkor (too) ilifika mahali hapo. Chini, hadi mita 1,300, hapakuwa jangwa: palikuwa na matumbawe, pweza, buibui bahari wakubwa, na sponji ambao ukubwa wao waonyesha wameishi miongo mingi, pengine karne. Kwa kuwa mwangaza haukuwafikia, wanasayansi wanashuku kwamba mikondo ya maji ndiyo iliyowaletea riziki. Sasa dari yao imeondoka. Watapata mvua ya mwani kama wenzao wa Larsen, lakini masiwa nayo yamefunguliwa njia.