Afya Yetu: Ukitengeneza Nyumba, Usisahau Jiko



Baada ya mavuno watu wengi hutengeneza nyumba. Mmoja huondoa nyasi na kuezeka bati. Mwingine huongeza chumba. Mwingine hupiga lipu na kusakafia. Kazi hii ni nzuri. Lakini mara nyingi jiko hubaki vile vile. Fedha zikiisha, mama huendelea kupika katika kibanda cha zamani chenye giza na moshi.

Mama na watoto wadogo hukaa jikoni saa nyingi kila siku. Jiko likiwa baya wataugua, hata kama sebule ina bati jipya. Basi leo tujifunze kupanga jiko. Nyumba ya kupikia tutaiita jiko. Mahali pa moto tutapaita meko.

MADHARA YANAYOTOKA JIKONI

Kwanza ni moshi. Moshi wa kuni huingia mapafuni. Mtoto anayebebwa mgongoni wakati mama anapika huvuta moshi ule ule. Ni rahisi zaidi mtoto huyo kupata nimonia. Mtu mzima anaweza kupata kikohozi cha miaka mingi, ugonjwa wa moyo au kiharusi. Macho huwasha, na baada ya miaka yanaweza kupata mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Pili ni kuungua. Katika zahanati ninayofanyia kazi aliletwa mtoto wa miaka 2. Alitaka maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa upande wa pili wa jiko, na meko yalikuwa katikati. Mtoto alijikwaa kwenye ukuni akaangukia sufuria ya uji. Mama yake hakuwa mzembe. Alikuwa hatua 2 tu kutoka hapo. Tatizo lilikuwa mpango wa jiko: njia ya kwenda kwenye maji ilipita motoni. Mkono ulipona, lakini vidole 2 havinyooki mpaka leo.

Tatu ni kuhara. Vyombo vikianikwa chini, kuku na mbwa huvichafua. Maji yasiyofunikwa huchotwa kwa kila kikombe na kila mkono.

ANZENI KWA KUCHORA

Kabla ya kumwita fundi, mwiteni anayepika. Mara nyingi baba ndiye anayemlipa fundi. Lakini mama ndiye anayeijua kazi ya jikoni. Asipoulizwa, fundi atajenga chumba tu. Hatajenga jiko.

Chukueni majivu. Choreni jiko ardhini, hatua 4 kwa hatua 3. Acheni nafasi ya mlango. Wekeni mafiga mahali pa meko. Wekeni ndoo mahali pa maji. Wekeni kigoda mahali pa meza. Kisha mama afanye kama anayepika ugali na mboga, bila moto. Achukue kuni, achote maji, akate mboga, asonge ugali, apakue, aoshe vyombo. Mtu mmoja ahesabu hatua zake.

Je, anapita mbele ya moto kila anapofuata maji? Sogezeni ndoo. Je, mtoto akiingia mlangoni anakutana na meko? Sogezeni meko. Kufuta majivu ni bure. Kubomoa ukuta ni gharama.

Mpango mzuri hufuata kazi yenyewe. Maji na meza ya kuandalia viwe karibu. Meko yafuate baada ya meza. Mahali pa kuoshea vyombo pawe karibu na mlango, ili maji machafu yatoke nje.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Mahali pa jiko. Tazameni moshi unaelekea wapi asubuhi na jioni. Jengeni jiko upande ambao upepo hautapeleka moshi vyumba vya kulala. Jiko liwe mbali na choo na zizi. Kama nyumba ni ya nyasi, jiko lisiigusane.

2. Hewa. Wekeni madirisha 2 yanayotazamana. Moja liwe karibu na meko. Acheni pia mwanya kati ya ukuta na paa. Moshi hupanda juu. Ukikosa njia huko juu, hushuka kwa watu. Mkiweza, jengeni dohani. Kumbukeni kuwa bomba la bati hupata moto sana. Lisiguse nyasi wala mbao za paa.

3. Meko. Yajengeni kwa matofali na udongo, yainuke kutoka chini, yakae kwenye kona au ukutani. Mama hatainama sana, na mtoto hatayaangukia kwa urahisi. Lakini msiyainue kupita kiasi. Kusonga ugali kunahitaji nguvu kutoka juu. Mama asimame hapo akiwa ameshika mwiko. Ukingo wa sufuria uwe chini ya kiwiko chake. Mikono ya sufuria igeuzwe ukutani.

4. Maji. Mtungi ukae juu ya kigoda imara, ufunikwe. Tumieni kata yenye mpini mrefu, ili vidole visiingie majini. Nje ya mlango tundikeni kibuyu chirizi, na sabuni pembeni yake.

5. Meza na uchanja. Nyama mbichi isikatwe pamoja na kachumbari au chakula kilichoiva. Osheni kisu na ubao kwanza. Nje jengeni uchanja wa miti wa kuanikia vyombo juani, juu ya kimo cha mbwa.

6. Kuni. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Zikaushwe juani. Jikoni ziingie za siku hiyo tu, na zisilale njiani.

7. Sumu. Dawa za shambani zisikae jikoni kabisa. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda, maana mtoto atadhani ni soda. Akiyanywa, msimtapishe. Mpelekeni zahanati mara moja.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Wazee hutuambia, "Moshi hufukuza wadudu kwenye mahindi na kwenye nyasi za paa." Maneno yao ni ya kweli. Lakini moshi huo huo huwaumiza wanaokaa chini yake. Basi mahindi yatafutieni mahali pengine. Yakausheni vizuri, kisha yawekeni kwenye kihenge kizuri au mifuko isiyopitisha hewa, juu ya kichanja. Kuhusu mbu, laleni ndani ya chandarua chenye dawa.

Wengine huuliza, "Je, nikipika kwa mkaa nimepona? Hauna moshi." Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Msipeleke jiko la mkaa chumba cha kulala ili kupata joto, hata usiku wa baridi kali. Watu hulala wasiamke tena.

Wengine wameanza kununua gesi. Hili ni jambo jema. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Basi mnapojenga sasa, acheni nafasi ya gesi. Mtungi wake usimame wima, mbali na meko ya kuni. Gesi ikivuja hushuka chini, kwa hiyo acheni tundu la hewa karibu na sakafu.

KAMA FEDHA NI KIDOGO

Fanyeni kidogo kidogo. Kwanza sogezeni maji na kuni zisiwe njiani mwa moto. Hii haina gharama. Pili toboeni dirisha la pili. Tatu inueni meko kwa udongo na matofali mliyofyatua wenyewe. Nne jengeni uchanja. Dohani na sakafu vinaweza kungoja mavuno yajayo.

MTU AKIUNGUA

Mmwagieni maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20. Vueni pete na bangili. Msipake mafuta, majivu wala dawa ya meno. Msitumbue malengelenge. Funikeni kwa kitambaa safi, kisha mpelekeni zahanati.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nani anapika nyumbani kwenu? Je, aliulizwa jiko lilipojengwa?

2. Kutoka mlangoni mpaka kwenye maji, je, mtoto anapita karibu na moto?

3. Moshi wa jiko lenu hutokea wapi?

4. Ni jambo gani moja mnaweza kulibadili wiki hii bila kutumia fedha?

Someni maswali haya pamoja nyumbani. Kisha chukueni majivu, mtoke nje mkachore.